Wachezaji Hawaishi, Uhamisho Ndio Unaoisha

Dirisha la usajili linapofunguliwa Dar es Salaam, kila shabiki wa Simba na Yanga anajua kanuni moja: anayechelewa ananyang'anywa. Kiungo akiwa mmoja na klabu zinazomtaka ni mbili, siku tatu za kutafakari zinatosha kumkuta amevaa jezi ya jirani. Kanuni hiyo ni sahihi katika soko la kweli, na ndiyo inayowaharibia hesabu watu wengi wanaocheza Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa Ligi Kuu ya England ambao sasa una washiriki zaidi ya milioni 11 kwa msimu, wakiwemo wetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wenye ligi zao ndogo za ofisini, za chuoni na za makundi ya WhatsApp. Huku hakuna wa kukunyang'anya mchezaji. Erling Haaland anaweza kukaa katika vikosi milioni kadhaa kwa wakati mmoja, na aliye kwako hapunguzwi na aliye kwa mwenzako. Hata michezo mingine ya umeneja haiko hivi: katika Hattrick, ulioanzishwa Sweden mwaka 1997, wachezaji huuzwa kwa mnada na atakayepanda dau ndiye atakayeondoka naye. Katika Fantasy Premier League mchezaji hana uhaba wowote. Chenye uhaba ni ruhusa ya kumbadilisha, na hoja yangu ni kwamba anayeelewa jambo hilo moja tu atakuwa ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi ya uhamisho.

Tuiangalie ruhusa hiyo ilivyo. Unaanza na pauni milioni 100 na kikosi cha watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Kabla ya raundi ya kwanza unabadilisha utakavyo. Kuanzia raundi ya pili unapewa nafasi moja ya uhamisho bila malipo kila wiki, yaani nafasi 37 kwa msimu wa raundi 38. Zaidi ya hapo, kila uhamisho wa ziada unakatwa pointi 4. Zipo pia karata maalumu, ikiwemo ile inayokuruhusu kubomoa kikosi kizima na kukijenga upya bure, lakini hizo ni za kuhesabika. Kwa miaka mingi nafasi usiyoitumia uliweza kuivusha wiki moja tu, kwa hiyo mfuko wako haukuzidi nafasi mbili, na ya tatu ilipotea. Kuanzia msimu wa 2024/25 mfuko unabeba nafasi tano. Mabadiliko haya yalipokewa kama zawadi ndogo, nami naona yaligeuza mchezo kuliko kanuni nyingine yoyote ya miaka ya karibuni. Tabia ya kutumia nafasi kila Ijumaa ili isiharibike ilizaliwa chini ya kanuni ya zamani. Kanuni imeondoka, tabia imebaki.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu mchezo huu unazungumza kwa tarakimu. Mchezaji anayemaliza msimu na pointi 200 ni mchezaji mkubwa. Anayemaliza na 150 ni mzuri wa kawaida. Tofauti yao ni pointi 50, lakini zigawe kwa raundi 38 utaona kwamba kila wiki mmoja anamzidi mwenzake kwa pointi 1.3 hivi. Ukikubali makato ya pointi 4 ili kumtoa wa 150 na kumwingiza wa 200, itakuchukua wiki tatu kurudisha ulichotoa, na hapo hujapata faida hata ya pointi moja. Wengi huishia hapa na kusema, basi, wiki tatu si nyingi, zitarudi. Wanalinganisha na kutomchukua kabisa mchezaji huyo. Lakini chaguo lililopo mezani karibu kila mara si hilo. Chaguo lililopo ni kumchukua leo kwa pointi 4 au kumchukua wiki ijayo bure. Ukilitazama hivyo, umelipa 4 kununua 1.3. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye angekubali bei hiyo. Na atakayejibu kwamba nafasi ya wiki ijayo ina kazi yake nyingine, ajiulize kama hiyo kazi nyingine nayo ni ya lazima, maana mara nyingi nayo imezaliwa na matokeo ya Jumamosi iliyopita.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Msimu wa 2024/25 Haaland aliufungua kwa moto usio wa kawaida: goli moja dhidi ya Chelsea, matatu dhidi ya Ipswich, matatu dhidi ya West Ham, mawili dhidi ya Brentford. Magoli tisa katika mechi nne. Bei yake ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 15, na asiyekuwa naye alilazimika kubomoa nusu ya kikosi ili ampate. Watu walibomoa. Akamaliza msimu na magoli 22 ya ligi katika mechi 31, maana yake ni kwamba baada ya zile mechi nne alifunga 13 katika mechi 27. Aliyeanza naye alivuna. Aliyemkimbilia akiwa na magoli tisa alilipia magoli ambayo tayari yalikuwa yameandikwa katika vikosi vya wengine. Tena kulikuwa na habari ya kusoma: katika mechi ya tano, dhidi ya Arsenal, mwenzake wa Manchester City, Rodri, aliumia goti na karibu msimu wake wote ukaishia hapo. Kuondoka kwa kiungo anayeishika timu nzima kulikuwa na uzito kwa magoli yajayo ya Haaland kuliko magoli yake ya Agosti, ila habari ya namna hiyo haina pointi mbele yake, ndiyo maana jicho linairuka.

Sisemi kwamba kilichopita hakina maana. Nasema pointi zilizopita ni matokeo, na mnunuzi anatakiwa kununua sababu. Sababu ni dakika anazocheza, mahali anaposimama, mipira anayopiga ndani ya boksi, nani anapiga penalti, na nani wanaofuata kwenye ratiba. Mpira mmoja unaweza kumgonga mtu kisigino ukaingia. Mashuti manne ndani ya boksi kila wiki hayaji kwa bahati, na ndiyo maana takwimu ya magoli yanayotarajiwa, ile inayopima kila shuti lina nafasi gani ya kuingia, ni mwongozo bora kuliko orodha ya wafungaji wa jana. Msimu wa 2025/26 mchezo wenyewe uliongeza kitu kinachosaidia fikra hii: beki anayefikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja, kwa kuokoa, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, anapata pointi 2, na kiungo au mshambuliaji anazipata akifikisha 12, kwake yeye ukihesabiwa pia mpira aliourudisha kwa timu yake. Matendo hayo hujirudia wiki baada ya wiki kuliko magoli. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana, ambaye zamani hakuna aliyemtazama, sasa ana kipato karibu cha mshahara.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Cole Palmer. Aliuanza msimu wa 2023/24 kwa bei ya pauni milioni 5 akiwa Manchester City, akahamia Chelsea siku ya mwisho ya dirisha, na akaumaliza akiwa na pointi 244, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote. Magoli yake yalikuwa 22 na asisti 11. Wanaopenda haraka humtaja kama ushahidi wao: mnaona, waliomwahi walitajirika. Tazama kalenda lakini. Goli lake la kwanza la ligi akiwa Chelsea lilikuwa penalti dhidi ya Burnley tarehe 7 Oktoba 2023, katika raundi ya nane. Siku hiyo mambo matatu yalikuwa hadharani: anaanza mechi, anapiga penalti, na bei yake bado ni ya mchezaji wa benchi. Aliyesubiri mpaka aone yote matatu alibakiwa na raundi 30, na magoli 21 kati ya 22 yalikuwa bado hayajafungwa. Matatu dhidi ya Manchester United na manne dhidi ya Everton yalikuja Aprili. Kuwahi kwa kubahatisha kungekuongezea kidogo sana juu ya kusubiri kwa ushahidi, huku kukikuweka kwenye hatari ya kuwaokota wengine kumi waliofanana naye mwezi Septemba na ambao hakuna anayewakumbuka leo.

Nafasi iliyohifadhiwa ina faida nyingine isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni kwamba nafasi mbili kwa pamoja zina nguvu kuliko nafasi moja mara mbili. Uhamisho mmoja umefungwa: mshambuliaji hutoka kwa mshambuliaji, na fedha ni zile alizoacha aliyetoka pamoja na chenji uliyonayo. Rudi msimu ule wa 2024/25. Mohamed Salah alianza kwa pauni milioni 12.5, na mchezo unamhesabu kiungo. Aliyekuwa na Haaland bila Salah, na anayetaka kubadilisha mmoja kwa mwingine, hakuweza kufanya hivyo kwa uhamisho mmoja hata awe na fedha kiasi gani. Kwa nafasi mbili ilikuwa kazi ya dakika moja: kwa bei za mwanzo wa msimu, Haaland wa 15 anatoka, Chris Wood wa Nottingham Forest anaingia kwa 6, zinabaki 9, kiungo wa 5 anatoka, Salah anaingia, na mfukoni bado mna 1.5. Wood alimaliza na magoli 20 ya ligi, mawili pungufu ya Haaland. Salah alicheza mechi zote 38, akafunga 29, akatoa asisti 18, akafikisha pointi 344, ambazo ni rekodi ya mchezo na zinaipita ile ya 303 aliyoiweka mwenyewe msimu wa 2017/18. Sitaki kujifanya kwamba mtu angeweza kuyaona yote hayo Septemba. Ninachotaka kionekane ni umbo la hatua: kikosi kinageuzwa muundo kwa nafasi mbili au tatu zilizokaa pamoja, wakati anayetumia moja kila wiki anabaki kubadilisha matairi ya gari lilelile.

Pingamizi la kwanza, na lenye wafuasi wengi, ni la bei. Bei ya mchezaji hupanda na kushuka kwa pauni laki moja kulingana na wangapi wanamnunua na wangapi wanamuuza, na mabadiliko hufanyika usiku wa Uingereza, huku kwetu kukikaribia kupambazuka. Kwa hiyo, wanasema, nunua Jumapili kabla hajapanda, jenga thamani ya kikosi, mwezi Machi utakuwa na fedha za kumudu kila mtu. Lina ukweli ndani yake, lakini kanuni ya kuuza inalipunguza nguvu: unachukua nusu tu ya faida, ikishushwa hadi laki kamili. Ukimnunua kwa milioni 7 akapanda hadi 7.2, utamuuza 7.1. Akifika 7.3, bado ni 7.1. Inahitajika mipando miwili ili upate mmoja. Upande wa pili wa mizani kuna Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa, kuna mazoezi, kuna makocha wanaozungumza na waandishi Alhamisi na Ijumaa wakataja nani ameumia. Aliyenunua Jumapili usiku ameyauza maarifa yote hayo kwa laki moja ambayo hata mkononi bado haijaingia, na mchezaji wake akichechemea Jumatano, laki hiyo inageuka makato ya pointi 4 siku ya Ijumaa. Muda wa mwisho ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Raundi inayoanza Jumamosi kwa mechi ya saa sita na nusu mchana ya Uingereza hufungwa saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki mwanzoni mwa msimu, na saa nane mchana baada ya Waingereza kurudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Mpaka hapo kuna siku nzima za habari ambazo hazilipiwi chochote. Bei nitaikubali katika hali moja: umeshaamua kwa sababu za kimpira, laki moja ikipotea mpango wote unavunjika, na mchezaji hana mechi ya katikati ya wiki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema huchezi peke yako: ikiwa mchezaji fulani anamilikiwa na wengi na wengi wanampa unahodha unaozidisha pointi zake mara mbili, kila goli lake linakuporomosha wewe usiye naye. Ni kweli, na wakati mwingine makato ya pointi 4 yanafaa kwa sababu hiyohiyo. Tuseme nahodha wako wa sasa anatarajiwa kupata 5, na unayemtaka anatarajiwa 8, naye atachukua nafasi ya mchezaji wa 4. Akiingia na kupewa unahodha, unaongeza 4 kwa nafasi yake na 3 kwa kitambaa, jumla 7 kwa wiki moja. Hapo lipa. Lipa pia pale ratiba inapoipa klabu mechi mbili katika raundi moja kwa sababu ya viporo, au pale ambapo wachezaji wako wawili watatu wamelala kwa majeraha na benchi halina mtu wa kusimama. Lakini angalia kwamba hesabu hii inatazama wiki zijazo tangu mwanzo hadi mwisho. Hofu ya kuachwa peke yako inatazama msimamo wa jana. Mara nyingi zinampendekeza mtu yuleyule, na siku zinapotofautiana ndipo unapojua ulikuwa unaongozwa na ipi.

Lipo na la tatu, la wale wanaosema mchezo huu ni bahati tu, basi hesabu za nini. Wiki moja moja, bahati inatawala. Hilo halina ubishi. Palmer alipowafunga Brighton magoli manne katika kipindi cha kwanza tarehe 28 Septemba 2024, jambo ambalo Ligi Kuu ya England haikuwahi kuliona, hakuna takwimu iliyolitabiri. Ila wingi wa bahati ni sababu ya kutulia. Kadiri matokeo ya mechi moja yanavyokuwa na kelele nyingi, ndivyo yanavyostahili kupewa sauti ndogo katika uamuzi unaokugharimu. Anayebadilisha mtu kila wiki kwa kufuata matokeo anaipa bahati nafasi ya kumwadhibu mara mbili: alipokosa goli la kwanza, na alipolipia la pili ambalo halikuja.

Yote niliyosema yasieleweke kuwa ni wito wa kubana. Akiba ni nzuri ikiwa itatumika siku ambayo ina thamani kubwa, na thamani hiyo hupanda na kushuka. Msimu wa 2025/26 ulitoa somo safi. Kwa kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika lingechezwa Morocco kuanzia Desemba 21, na ligi ingepoteza watu kama Salah wa Misri na Bryan Mbeumo wa Cameroon kwa wiki kadhaa, waandaaji walitangaza mapema kwamba kila mshiriki atajaziwa mfuko wake hadi nafasi tano kwa ajili ya raundi ya 16. Kwetu habari hiyo ilipita chini ya shangwe, maana Tanzania na Uganda zilikuwa zimefuzu na kupangwa kundi moja na Nigeria na Tunisia. Lakini kwa mchezaji wa Fantasy ilikuwa na maana moja kubwa: nafasi yoyote iliyofichwa mfukoni hadi wakati huo ilikuwa haina thamani. Mwenye nne alijaziwa moja, asiye na kitu alijaziwa tano, wote wakalingana. Aliyeisoma kanuni hiyo Agosti alijua kwamba Novemba ni mwezi wa kutumia, hata kwa maboresho madogo ya nusu pointi. Mwenye kubana kwa mazoea alifika raundi ya 16 akiwa ameyaacha maboresho hayo bila kupata chochote badala yake.

Hali hiyohiyo hurudi kila Mei. Baada ya raundi ya 38 hakuna kinachovushwa, kwa hiyo kuanzia raundi ya 34 hivi nafasi iliyolala mfukoni inaanza kupungua thamani kwa kasi, na tofauti ya pointi 1.3 niliyoidharau huku mwanzo inatosha kabisa kuhalalisha uhamisho usiolipiwa. Makato ya pointi 4 nayo yanakwenda kinyume: wiki za kuyarudisha zimebaki chache, hivyo yanazidi kuwa ghali kadiri msimu unavyokaribia kufungwa, isipokuwa kwa aliye nyuma katika ligi yake ndogo na anayehitaji mtu ambaye kinara hana. Huyo anaruhusiwa kutafuta mtafaruku. Anayeongoza kwa pointi 30 zikiwa zimebaki raundi mbili afungue kikosi cha anayemfuata, ahesabu majina wanayofanana, na nafasi alizonazo azitumie kuyaongeza.